Jina la Kumi na Sita

Jumamosi, tarehe 15 Oktoba 1983. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa jiko letu, mtaa wa Dilala, Kolwezi, daftari magotini, nikikusanya majina ya wafu.

Waliokulia katika nyumba zile za wafanyakazi wa mgodi watazikumbuka Jumamosi zetu: harufu ya bitoyo, samaki wa chumvi, ikivuka ukuta hadi ukuta; vumbi jekundu likingoja mvua; wasichana wakiruka kamba mpaka king'ora cha zamu kiwatawanye. Siku hiyo mimi sikuruka. Mwalimu wetu, ambaye kwa desturi ya Zaïre tulimwita Citoyen, yaani Raia, alitutaka tuandike ukoo wetu: wazazi wawili, kisha wanne, wanane, kumi na sita. "Kila mara munazidisha kwa mbili," alisema. "Hesabu haidanganyi mutu."

Baba, ambaye tulimwita tata, alinipa majina yake manane asubuhi, kabla ya kwenda kazini. La mwisho lilikuwa Mbuyi, mfinyanzi wa vyungu, aliyezaliwa bila kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Mchana mama, tumbo lake likiwa la miezi saba, alianza kunitajia yake huku akisonga bukari, ugali wetu. Alipofika la nane akasema, "Mbuyi, ule wa kutengeneza byungu. Alikosa kidole kidogo."

"Mama, huyu tata ameshanipa."

Mwiko ukasimama. "Ule ni mwengine. Ba Mbuyi beko bengi."

"Na kidole, mama?"

Akatazama mlango. "Mukono gani?"

"Wa kushoto."

Akaketi juu ya ndoo.

Sisi watu wa Kasai hatuoani damu kwa damu. Kabla ya harusi yao wazee waliulizana kama ilivyopasa, lakini walihesabu akina baba peke yao. Mbuyi alikuwa amejificha upande wa akina mama, kwa baba na kwa mama vilevile, na hakuna aliyewahi kupita njia hiyo hadi Citoyen aliponituma mimi. Shangazi yetu alizoea kusema, "Damu ikikutana na damu, mutoto habaki." Na kati yangu na tumbo lile, mama alikuwa amekwisha kuzika wawili.

"Tata asijue," akanong'ona. "Shangazi yako naye, hata kidogo. Andika Ngalula."

Nikamwandika mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa. Citoyen akanipa kumi juu ya kumi.

Tangu hapo kila mama aliposhika kiuno, nilihesabu wiki zilizobaki. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemfukua Mbuyi, na kwamba sasa alikuwa njiani kuja kumchukua mtoto.

Mtoto alizaliwa mzima, akabaki. Leo binti yake hujaza ukoo wake katika simu akiwa juu ya taximoto, mkono mmoja umeshika beignet, andazi la mafuta. Jina la nyanya wa nyanya yake lazima aniulize mimi. Majuzi simu ilimwonyesha mtu mmoja mahali pawili, naye akaangua kicheko, akaniambia: "Tantine, telefone imekosea!"

Chuoni nilijifunza kwamba ukizidisha kwa mbili mara ishirini tu unapita milioni, na umati huo haukuwahi kuishi kando ya mito yetu. Kila mtu, basi, ana Mbuyi wake mahali fulani. Nalijua hilo, hata hivyo sikuweza kucheka pamoja na binti huyo. Enzi zetu tuliyajua majina, tukayaogopa. Hawa wetu hawaogopi kitu, na sijui kama niwaonee wivu au niwahurumie.

Katika wiki zile za hofu nilimwandikia mama wa mama yangu, Kaku kama tulivyomwita, aliyekuwa amerudi Kasai. Fundi mmoja wa reli aliipeleka barua. Jibu halikuja kamwe. Miaka mingi baadaye, nyanya alipofariki, barua yenyewe ilinirudia, imekunjwa ndani ya Biblia yake:

"Kolwezi, tarehe 12 Novemba 1983.

Kaku, nakusalimia. Tuko wazima, ila mama hataki kula. Tafadhali uniambie: Mbuyi aliyekosa kidole alikuwa mmoja ao wawili? Kama alikuwa mmoja, Kaku, andika wawili. Barua yako ataisoma mama."