Nesi Hataji Ugonjwa

Nilikuwa nesi wa kuota mchana. Metroni wetu alinifuma mara nyingi nimesimama dirishani na mto mkononi, nusu umevikwa foronya, macho yangu yakiwa ng'ambo ya mapaa ya mji wa Nakuru, kule ziwa lilikokuwa likimeremeta. Wodi ya watoto ilikuwa juu kwenye mteremko. Kiangazi kilipokaza, upepo wa alasiri uliinua vumbi jeupe la magadi kutoka ufukweni ukalitembeza taratibu, likapita juu ya reli na maghala ya ngano, na lilipotufikia lilikuwa jepesi kabisa. Tulifunga madirisha lakini liliingia tu. Ungelikuta kwenye shuka, kwenye kofia zetu zilizokazwa kwa wanga, kwenye nyusi za watoto waliolala. Nyuma ya vumbi hilo flamingo walikaa kama utepe wa waridi, na ukiutazama sana utepe huo ulianza kusogea hata kama haukusogea.

"Wewe, umekuja kazi ama umekuja kuangalia ndege?" metroni angeniuliza.

"Kazi, Metroni."

"Basi ndege waachie ziwa lao. Huyu mtoto amejikojolea."

Nilimwogopa na nilimpenda, vyote kwa pamoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu visivyotoa sauti, na ndiye aliyenifundisha kazi tangu nilipokuwa mwanafunzi nisiyejua kutandika kitanda. Hakujua kwamba dirishani sikuwa nikitazama ndege. Nilikuwa nikijiona mwenyewe. Nilijiona nikiingia wodini na koti jeupe lisilo na mshipi, stethoskopu shingoni, nikiinama juu ya mtoto na kujua. Katika ndoto hiyo sikuwahi kusema neno lolote. Niliinama tu, nikajua, na mtoto akapona.

Nilizaliwa Dundori, kwenye vibanda vya wafanyakazi wa shamba la mzungu ambako baba alikamua ng'ombe. Uhuru ulipokuja baba alipata kipande cha ardhi huko huko juu, akapanda viazi na pareto. Kule ukungu huamka kabla ya watu. Nikiwa msichana nilishuka kwenda shule ndani ya ukungu huo nisione miguu yangu mwenyewe, nikisikia tu kengele za ng'ombe na watu wakisalimiana bila kuonana. Labda ndiko nilikojifunza kuota nikitembea.

Shule ya sekondari niliyosoma ilikuwa ya wasichana, na wasichana wakati ule walipangiwa maisha yao mapema. Wavulana wa shule ya jirani walifundishwa fizikia na kemia. Sisi tulifundishwa sayansikimu. Nilimaliza kidato cha nne nikijua kupiga pasi kola ya shati bila kuacha mkunjo, na kuoka keki ambayo hakuna jiko hata moja Dundori lingeweza kuioka. Mwalimu mkuu alituita mmoja mmoja akatuuliza: ualimu, uhazili au unesi? Nilipotaja udaktari alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mtoto akimwambia atamwoa mama yake. Akaandika unesi.

Basi nikawa nesi, na nilikuwa nesi mzuri. Lakini ile ndoto haikutoka. Ilinikera kama punje ya mahindi iliyokwama kwenye jino.

Aliyeichukua kwa uzito kwanza alikuwa mama mmoja wa Kisikh, mwalimu mstaafu, aliyekuja kumtazama mjukuu wa kaka yake wodini. Alinikuta wakati wa chai na kitabu cha kemia nilichokinunua sokoni, kimechanika jalada.

"Unasoma hiyo?" aliniuliza.

"Nakisoma, lakini chenyewe hakinisomeki."

Akacheka mpaka mtoto akaamka. Akaniambia nikitoka zamu ya asubuhi nipitie duka la kaka yake, duka la vitambaa karibu na soko. Huko nyuma, kati ya majora ya poplini na khaki, palikuwa na meza ndogo na chupa za vifungo. Vifungo vyeupe vilikuwa haidrojeni. Vyekundu, vikubwa kidogo, vilikuwa oksijeni. Aliviunganisha kwa uzi, akavitenganisha, akanifanya niviunganishe mwenyewe. Wateja walipita, mashine ya fundi ililia barazani, mwanga ukaingia kupitia vitambaa vilivyotundikwa na kutupaka rangi usoni, na mimi nikawa katikati ya rangi hizo, nusu nimelala kwa uchovu wa zamu, nikiona kwa mara ya kwanza jinsi dunia ilivyofungwa pamoja. Siku moja mwanamke aliinama akaokota mezani kifungo chekundu kilichofungwa na vyeupe viwili, akauliza bei.

"Hiyo haiuzwi, mama," mwalimu akamjibu bila kuinua macho. "Hiyo ni maji."

Sijui yule mwanamke alikwenda kusema nini nyumbani kwake. Nilimpenda mwalimu yule sana, na hakuwahi kuniuliza kwa nini nataka kuwa daktari. Aliuliza tu kama nimefanya zoezi. Nilifanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza fizikia ilinibwaga. Mara ya pili niliipita, nikabaki na kikwazo kimoja. Chuo cha udaktari kule Nairobi kilitaka daktari wa hospitali niliyofanyia kazi aniunge mkono. Bila yeye maombi yangu yasingesomwa hata na karani.

Daktari wa wodi yetu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nakuru, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyesoma ng'ambo akarudi. Nesi hakumwendea daktari moja kwa moja. Nilimwomba metroni, metroni akamwomba yeye, na jibu likarudi kwa njia ile ile: "Amesema atakujibu wodini."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo manesi wa siku zile wanalijua na wengine huenda wasilijue. Nesi hakutaja ugonjwa. Ungeweza kukaa na mgonjwa mchana kutwa, ukamgeuza, ukamlisha, ukamjua kuliko unavyomjua dada yako, lakini jina la ugonjwa halikuwa lako. Ulisema: joto limepanda. Ulisema: anapumua haraka. Kulitaja jina kulikuwa utovu wa adabu, kama kuketi kwenye kiti cha baba mkwe. Kwa hiyo tulijifunza kusema kwa mikono. Ukishuku kifua, ulikuwa umeshamvua mtoto shati daktari alipofika. Ukishuku macho, ulikisogeza kitanda dirishani. Daktari aliona, akataja, na sisi tukaitikia "Ndiyo, Daktari" kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia. Nilikuwa hodari sana wa mchezo huo. Nadhani ndiyo maana katika ndoto yangu daktari hakuwa na sauti.

Raundi ikaanza. Daktari mbele, metroni ubavuni, mimi nyuma na mikono mgongoni. Alisimama kwenye kitanda cha mtoto mchanga, akageuka.

"Sista, huyu ana nini?"

"Joto liko juu, Daktari. Anapumua haraka. Hajanyonya vizuri tangu jana."

"Hayo nimeona. Ana nini?"

Nilijua ana nini. Jina lilikuwa pale pale nyuma ya meno yangu. Nikamtazama metroni, metroni akatazama dari. Mikono yangu ikashikana mgongoni, na vumbi jeupe likaelea kwenye mwanga kati yangu na daktari kana kwamba tulikuwa na wakati wote wa dunia.

"Haya," akasema, akaenda kitanda kingine.

Raundi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata hiyo. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Siku za kupokea maombi zilikuwa zinakwisha, nami nilikuwa nimezuiwa na ulimi wangu mwenyewe. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia kwa hasira, uso nimeuficha ndani ya blanketi. Metroni akaja na viatu vyake visivyo na sauti.

"Mbona humjibu?"

"Si wewe ulinifundisha, Metroni? Nesi hataji ugonjwa."

"Nilifundisha nesi," akasema. "Yeye anamuulizia daktari aliye ndani yako. Sasa kama hayuko, mwambie hayuko, tuendelee na kazi."

Akachukua mashuka aliyoyafuata akaenda zake.

Asubuhi moja aliletwa msichana mdogo kutoka upande wa Njoro, ambako mama yake alifanya kibarua kwenye shamba la ngano. Alikuwa anawaka moto. Alikuwa ametapika njia nzima, na nilipojaribu kukiinua kichwa chake kutoka kwenye mto shingo ilikataa, akalia. Nilimvua nguo, nikampima joto, nikakisogeza kitanda kwenye mwanga. Halafu nikasimama nikaitazama mikono yangu, jinsi ilivyokuwa imeshasema kila kitu kabla yangu.

Daktari akamsikiliza mtoto kifua, akamjaribu shingo. Akageuka.

"Ana nini, Sista?"

"Homa ya uti wa mgongo."

Sauti ilitoka kubwa kupita kiasi. Watoto wawili waligeuka kutazama. Nilihisi damu ikinipanda usoni, na ajabu ni kwamba pamoja na hofu kulikuwa na raha, raha tupu, kama ya kunyoosha mguu uliokufa ganzi.

"Una hakika?"

"Hapana, Daktari. Lakini tukingoja hakika tutachelewa."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Tumtoe maji ya mgongoni, tuyapime."

"Leta vifaa," akasema.

Kumshika mtoto ni kazi ya nesi. Unamlaza ubavu, unamkunja mpaka magoti yaguse kidevu, unamkumbatia hivyo asitikisike. Nilikuwa nimewashika wengi. Sikuwa nimewahi kumshika mtoto anayechomwa kwa neno langu. Alinililia sikioni. Alimwita mama yake, na mama yake alikuwa nyuma ya mlango akiitikia, "Niko hapa, niko hapa," tena na tena, na sindano ikaingia. Maji yakaanza kudondoka kwenye chupa.

Yalikuwa safi. Nilitamani yawe na ukungu, dalili kwamba sikukosea, Mungu anisamehe, nilitamani hivyo kwa nukta moja. Maabara nao wakasema hayana kitu.

Daktari akarudi kwa mtoto. Akasikiliza upya, safari hii juu kabisa, chini ya mfupa wa bega na ndani ya kwapa, akakaa hapo muda mrefu. Akanivisha stethoskopu masikioni. Nikasikia: mchakacho mdogo, kama wa karatasi ikikunjwa chumba cha pili.

"Nimonia," akasema. "Ikikaa juu hivi kwa mtoto inaweza kukaza shingo. Mwanzishieni penisilini."

Nilimfuata mpaka kwenye korido.

"Umekosea," akaniambia.

"Ndiyo, Daktari."

"Hata mimi ningemtoa yale maji. Huwezi kuona shingo kama ile ukamwacha. Lakini wewe ndiye ulisema, na ameumia, na hakuwa na ugonjwa huo. Hii itatokea tena. Miaka yote itatokea. Nesi hakosei kwa sababu hasemi." Akavua miwani akaifuta kwa tai. "Bado unataka nikuandikie?"

Nilijaribu kuiita ile ndoto ya dirishani, koti, kuinama, kujua, lakini haikuja.

"Basi usinijibu leo," akasema, akaenda.

Niliporudi wodini mama wa yule mtoto alikuwa ameketi kitandani, binti yake amemlalia mapajani. Alikuwa mwanamke wa rika langu, miguu ina vumbi la safari, leso imefungwa kichwani kwa haraka. Alikuwa anaupapasa mgongo wa mtoto, pale penye plasta.

"Sista," akaniita. "Ni nani alisema mtoto wangu adungwe hapa?"

Kwa swali kama hilo kila nesi alikuwa na jibu, na lilikuwa tayari mdomoni: daktari amesema. Lilikuwa jibu zuri. Lilituliza watu, lilifunga mazungumzo, na lilimwacha nesi akiwa mtu mwema anayeleta uji na maji ya moto. Yule mama asingejua kamwe.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ni homa ya uti wa mgongo. Nilikosea. Ni nimonia, na dawa yake ameshaanza kupewa."

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Akaitazama kofia yangu, aproni yangu, mikono yangu iliyokuwa mgongoni. Nikaitoa mbele.

"Kwani wewe ni daktari?"

"Bado," nikamwambia.

Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida, na nikalisikia vizuri kabisa.

Mama yule akamfunika mtoto mabega, akamsogeza akae vizuri.

"Basi enda usome sana," akasema. "Mimi nimebaki na huyu mmoja tu."

Asubuhi iliyofuata nilimngoja daktari mlangoni mwa wodi, nikamwambia aniandikie kabla hajavua koti lake la mvua.