Taa ya Mbele na Jioni ya Jumapili

Mke wangu alipohamishiwa Beni, katika ofisi ya ukaguzi wa shule, kitu tulichopoteza hasa ni jioni ya Jumapili. Siku za kazi tulikubali kuzikosa. Mtumishi wa Serikali huenda anakotumwa, na yeye mwenyewe, mzaliwa wa Kisangani, aliletwa kwetu Kivu na karatasi ya namna hiyohiyo. Lakini kila wiki alirudi nyumbani Butembo Ijumaa kwa pikipiki yake, Jumamosi ikamezwa na soko na nguo, na Jumapili, mara tu baada ya chakula cha mchana, alifunga tena mfuko wake nyuma ya kiti ili afike Beni kabla jua halijazama. Watoto wetu walikuwa wamejifunza kula polepole siku hiyo.

Angeweza kuondoka Jumatatu alfajiri, barrière ya barabarani inapofunguliwa, na bado akawahi kazini. Kilichomzuia ni ukungu. Asubuhi za Butembo huamka zimefunikwa. Lori linalotoka Kirumba na kabichi zake unalisikia kabla ya kuliona. Na taa ya pikipiki ile ilitoa mwanga wa rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili.

Kwetu dawa ya taa hafifu inajulikana na kila mtu: unanunua balbu kubwa zaidi. Nami nikanunua. Tulifurahi siku chache, kisha swichi ya usukani ikaanza kunuka, ikalainika chini ya kidole gumba chake, ikayeyuka.

Fundi wa umeme wa pikipiki, ambaye kibanda chake kiko mtaani kwetu, hakushangaa. Alisema umeme wote wa ile balbu ulikuwa unalazimishwa kupita katika swichi ndogo na waya mwembamba. Kwa mpango wake, sasa ungetoka kwenye betri, upitie fyuzi, na kwa waya mnene ufike moja kwa moja kwenye balbu. Swichi mpya ingebaki na kazi ya kutoa amri tu, na amri hiyo ingepokelewa na relais mbili: vikasha vyeusi, vidogo kama vipande vya sabuni, kimoja cha mwanga wa chini na kingine cha mwanga wa mbali. Mke wangu alisema kwamba hata ofisi yao ingefaa kupangwa vile, mkubwa aguse kidogo na kazi yote ipite pengine.

“Mais Mama Inspecteur,” fundi akamjibu, “relais haisemake ‘rudia kesho’.”

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi, sisi watatu. Mimi nilichuna waya, mke wangu alizishika zisichanganyike, fundi akazichomelea kwa risasi ya kuyeyusha kwenye soketi za relais. Relais tulizifunga nyuma ya taa, miguu yake, ile ya kuchomekwa kwenye soketi, ikitazama juu, kwa sababu hapo mkono ulifika kwa urahisi. Ili tuone mwanga mchana ule, tuliisukuma pikipiki hadi ndani ya ghala la saruji la jirani, mlango ukafungwa. Alipobonyeza swichi, mifuko ya saruji iling'aa hadi maandishi yake yakasomeka kutoka mlangoni. Mbebaji mmoja akaanza kucheza rumba peke yake, mwingine akamwomba mke wangu asizime mpaka aletewe bia. Jioni hiyo mke wangu aliwatangazia watoto kwamba kesho haendi.

Sasa, Butembo pikipiki huoga Jumamosi jioni, kwa kuwa Jumapili huenda misa pamoja na wenyewe. Niliiosha kama mtu aliyejaliwa mtoto mchanga. Nilipaka povu la sabuni hadi nyuma ya taa, nikamimina maji beseni kwa beseni, nikiimba.

Jumapili, baada ya chakula, mke wangu alitoka uani kuijaribu. Mwanga wa mbali ulikuja. Wa chini haukuja, na wa chini ndio tulioutaka, kwa maana ule wa mbali ukikutana na ukungu hugeuka ukuta mweupe mbele ya macho. Fundi alikuwa mazoezini na kwaya yake, huko parokiani, kibanda kimefungwa. Mke wangu aliingia ndani, akatoka na mfuko wake begani. Saa tisa ndiyo iliyokuwa mwisho wake wa kuondoka, na ilikuwa inakaribia.

Hata hivyo alibonyeza tena, safari hii akiinamisha sikio. Nilifungua mdomo, akaniashiria ninyamaze.

“Hii moja inaongea,” alisema, akigusa kikasha kimoja. “Hii ingine iko kimya.”

Alichomoa zote mbili na kuzibadilishia nafasi. Mwanga wa chini ukawaka, wa mbali ukafa. Kwa hiyo waya zetu zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa kile kikasha kilichokaa kimya. Nilikifungua kifuniko kwa kisu cha jikoni, na maji yakatiririka kiganjani mwangu, yangali na povu.

“Papa batoto,” aliniuliza, “ulisafisha, ao ulibatiza?”

Nilimjibu kwamba nilifanya yote mawili, na ya pili bila malipo. Alicheka hadi mfuko ukamteleza begani. Tulikausha kikasha kando ya jiko la makaa, mbali kiasi cha kutoyeyusha plastiki, yeye akikipuliza kama mama anayepoza uji. Kisha alikata kipande cha chambre à air ya zamani, ule mpira wa ndani ya tairi, akazivisha relais zote mbili kama soksi, na kuzifunga upya, miguu ikitazama chini, ili maji yakija yapite zake. Alibonyeza. Tak. Bata wa jirani, aliyekuwa amesimama mbele ya taa, akapigwa na mwanga machoni. Akaondoka kwa hasira.

“Mama, hauende?” mtoto wetu wa mwisho aliuliza.

“Hapana. Kuko maharage?”

Jumatatu ukungu ulikuwepo, taa ikafanya kazi yake, na sina zaidi la kusimulia kuhusu hilo. Ninachokikumbuka ni ile sufuria. Hakuna anayebandika maharage saa tisa kama ana safari saa tisa. Watoto waligombania kuyachambua. Tulikula tumechelewa, yakiwa magumu bado, naye akapakua mara ya pili.