Mzee wa Matenki

Katika mtaa mzima wa Gatsata hakuna mkaidi kama mzee huyu asafishaye matenki ya malori ya mafuta. Anayebisha alete wa kwake. Sheria zake kazitoa melini Mombasa: fungua kifuniko, puliza hewa, pima gesi, funga kamba kiunoni mwa anayeshuka. Jana aliziba ngazi saa nzima, akimenya ndizi kwa vidole vilivyobabuka, huku Mugenzi, fundi wa kuchomelea, akichemka.

"Mzee, tenki ni tupu!"

"Mafuta yameisha, mwanangu. Mvuke bado, na huo unaua kimyakimya."

Kipimo kilipoacha kulia, ndipo akampisha. Mugenzi akashuka akilalamika mpaka chini, naye mzee, kamba mkononi, akamsikiliza kwa raha kama redio: anayelalamika anapumua.