Suruali Yenye Miguu ya Watu Wawili

Saa tatu asubuhi, Fundi Daftari anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, polepole, kama anayekata kucha za simba. Mkewe, anayeshona vifungo kando yake, hamtazami. Amechoka kutazama.

"Ubongo unataka mazoezi," fundi anasema, pini tatu mdomoni.

"Na shati la mtu linataka mikono sawa," mkewe anajibu.

Fundi ana miaka sitini na mmoja, thelathini na minane kati yake nyuma ya cherehani hii hii. Wateja walimwita Daftari kwa sababu hana daftari: humpima mtu mara moja, vipimo vikakaa kichwani. Inasemekana bwana mmoja alisafiri miaka tisa, akarudi akakuta suruali yake tayari, tumbo limeongezwa inchi tatu, nayo ikamkaa sawia.

Miezi miwili iliyopita, mtaalamu redioni alisema kulala kidogo huenda kunahusiana na maradhi yanayofuta kumbukumbu. Fundi akaanza kuwahi kitandani. Wiki iliyofuata mwingine akasema kusinzia sana mchana nako kunatiliwa shaka. Akaacha usingizi wake wa baada ya chakula, aliouenzi kuliko chakula chenyewe. Akaacha sigara, akaacha sukari, akahamia mkono wa kushoto.

"Kila nikiacha kitu wanataja kingine," anasema. "Nimebakiwa na kupumua tu, nako nasubiri taarifa ya habari."

Hofu yake ina mzizi. Kaka yake, aliyemfundisha kushika mkasi, sasa humuuliza kila Jumapili, "Wewe mtoto wa nani?" Lakini bei ya kitambaa ya miaka arobaini iliyopita anaitaja bila kusita.

Kisha ikaja suruali ya mwalimu.

"Fundi," mwalimu alisema akiwa amesimama mbele ya kioo, "nimepungua upande mmoja?"

Mguu wa kulia ulikuwa wake. Wa kushoto ulikuwa wa muuza nyama wa jirani, mtu mfupi. Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Fundi hakucheka. Kosa kama hilo hakuwahi kulifanya.

Akaenda kituo cha afya. Muuguzi alimwuliza amebadilisha nini. Fundi alipofikia kutaja mkono wa kushoto, muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mzee, hayo ni mambo ya huenda. Yanaonekana watu wengi wakichunguzwa pamoja, hayasemi wewe utaugua. Sigara usiirudie. Lakini umejinyima usingizi uliouzoea, unakata kwa mkono usiouzoea. Utakosaje kukosea?"

"Kwa hiyo siumwi?"

"Hilo nalo sijasema."

Akapewa siku ya kupimwa kumbukumbu na shinikizo la damu: Alhamisi ijayo. "Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia," anasema. Mkono wa kushoto hajauacha bado.

Njiani akanunua daftari, la kwanza maishani. Kila jioni anataja vipimo vya wateja, mkewe anaandika, na mteja akipita anapimwa upya kuhakikisha. Kati ya watu arobaini na watatu, amekosea wawili.

Jana ilikuwa zamu ya mkewe mwenyewe.

"Kiuno, ishirini na sita," fundi alisema haraka.

"Mzee wangu, hicho ni kiuno cha gauni la harusi."

"Si nilikupima mwenyewe?"

"Ulinipima tena mwezi uliopita. Thelathini na tisa. Ukanitania."

Fundi alimkumbuka kaka yake na bei zake za vitambaa. "Sasa hapo nimesahau au nimekumbuka?" aliuliza. Mkewe aliandika vyote viwili, kimoja chini ya kingine, wala hakukata chochote.

Alhamisi fundi ataenda na daftari lake. Anataka muuguzi aulize vipimo vya watu, si majina ya wanyama, ambayo amesikia ndiyo huulizwa wanaopimwa kumbukumbu. Na hata apewe jibu gani, amekwisha kuchagua kitambaa cha gauni jipya la mkewe. Atalikata kwa mkono wa kulia, baada ya kulala mchana.

"Wanipime mimi kwanza," anasema, "halafu nije nimpime yeye upya."

Mkewe anakata uzi kwa meno. "Na safari hii andika mwenyewe," anasema.