Kipa wa Magongo na Kipindi cha Jumapili

Miaka ile ya ruksa, kila kitu kiliruhusiwa nchini isipokuwa mpira wa magongo chuoni kwetu. Mkuu wa chuo alikuwa ametekwa na kilimo cha zabibu, akautaka uwanja wetu uwe shamba. Alitupa sharti moja: watazamaji wakija, uwanja utabaki.

Hakuna aliyekuwa akija. Tulicheza Jumapili saa kumi, na saa hiyo hiyo chuo kizima kilikuwa bwaloni kikisikiliza vichekesho vya redioni, vya baba mkwe mmoja bahili. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kuihamishia redio uwanjani, nyuma ya goli. Goli langu. Nilikuwa kipa, nimejifunga vipande vya godoro miguuni, na akili yangu, naona sasa, ilikatwa kwenye godoro hilo hilo.

Wakaja, wakajaa mpaka mistarini. Tulicheza na vijana wa Kihindi wa mjini, ambao ndio waliotugawia magongo yao ya zamani. Dakika za mwisho, hatujafungana, baba mkwe akaanza kuwahesabia wageni vipande vya nyama mchuzini. Nikacheka mpaka nikafumba macho. Mpira ukapita katikati ya miguu yangu.

"We kipa, unalinda goli au redio?" alifoka kapteni, kijana kutoka Kibakwe asiyejua kunong'ona.

"Ngoja amalize nyama," nikamjibu.

Tukafungwa. "Watu wameifuata redio, si ninyi," akasema mkuu. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililotuudhi zaidi. Jumatatu mashimo ya miche yakachimbwa.

Jumanne jioni tukaingia na magongo yetu, bila redio. Mpira ukatumbukia shimoni, tukautoa. Kapteni naye akatumbukia, tukamtoa. Wanafunzi wakaanza kumiminika kutoka mabwenini kuja kutucheka, wapishi nao wakiwa na miiko mkononi. Mkuu akafika anahema.

"Shikamoo, mkuu!"

"Marahaba. Nani amewapa ruhusa?"

"Hakuna, mkuu," nikasema. "Ila watazamaji hao hapo. Na redio iko bwaloni."

Akawageukia. Hakuna aliyeondoka. Akatuangalia tena, akaamuru, kama adhabu, tufukie kila shimo kabla ya giza.

Waliokuja kutucheka wakatusaidia kusukuma udongo. Shimo la golini kwangu nililishindilia mwenyewe, mara mbili.