Picha Aliyoizuia Joha

Joha Swalihu alifanya kazi masjala miaka ishirini na mbili, akitunza mafaili ya siri ya watumishi, na hata mumewe hakuwahi kusikia neno lililotoka humo. Alipostaafu alitulia nyumbani kwake Chang'ombe, Dodoma, akafungua kundi la mtandaoni la akina mama wa mji huo. Walianza kumi na wanne wa mtaa mmoja, wakafika elfu tisa.

Sheria yake ilikuwa moja: picha yoyote ipite kwake kwanza. Cheti cha hospitali hakipiti. Mtoto mwenye sare ya shule hapiti. Wengi walinung'unika. "Siri ni yangu, wewe kinakuwasha nini?" mmoja alimwandikia. Joha alimjibu kwa upole, na picha haikupita.

Jumanne moja asubuhi Anyesi, fundi cherehani, alituma yake. Jicho la kushoto limevimba, mdomo umepasuka. Chini ameandika: "Huyu ni mimi. Aliyenifanya hivi ni mume wangu."

Joha akaizuia. Hazikupita dakika kumi, simu ikaita.

"Shikamoo mama. Mbona picha yangu haionekani?"

"Marahaba mwanangu. Nimeizuia mimi. Ikishatoka hairudi. Kesho hasira zikiisha utajuta."

"Hasira ziliisha zamani, mama. Miaka sita najifunika mtandio, nawaambia watu nimeanguka. Leo nataka nionekane, na wewe unanifunika tena."

Maneno yale yalimchoma Joha kwa sababu yalikuwa kweli. Siku zote aliona anawalinda. Hakuwahi kumuuliza hata mmoja anataka alindwe na nini.

Akaifungua tena ile picha, akaikagua kama faili, pembe hadi pembe. Nyuma ya bega la Anyesi, dirishani, palikuwa na kibao cha mashine ya kusaga.

"Mwanangu, uko kwa nani sasa?"

"Kwa dada yangu, Kizota. Mume wangu hapajui."

"Atapajua. Jina la mashine linasomeka hapo dirishani."

"Sikuliona," Anyesi alisema, sauti imeshuka.

"Uso ni wako, sina mamlaka nao. Nikikate hicho kibao?"

"Kikate, mama. Uso uache."

Picha ikatoka kabla ya adhuhuri. Hadi alasiri wanawake zaidi ya mia walikuwa wameandika, na wawili kati yao, Zipora na Emilia, wakamsindikiza Anyesi polisi. Mume alikamatwa wiki hiyohiyo.

Joha akaibadili sheria yake. Siku hizi hazuii picha ya mtu mzima. Humpigia mwenyewe, akamwonyesha asichokiona, kisha akamwachia aamue. Za watoto bado anazizuia, na hapo habembelezeki. Kazi imeongezeka mara tatu, macho yanamuuma. Binti yake, Lulu, humsihi apumzike.

"Nikimaliza hawa saba," Joha hujibu, na kupiga namba inayofuata.