Mchoro Wenye Jina la Mwamba

Siku ya Mungu, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Mvua imetukuta tukitoka kanisani na haijakatika bado. Vumbi la mtaa wetu wa Kampemba limelala.

Mwanangu, jana ulinijia na wenzako wa kikundi chenu cha kule mtaa wa Annexe. Mkaniuliza kama yale marekebisho ya kikokotoo mliyoyapata myatoe kwa kila mtu, au myafiche. Mimi sikusoma sana, na neno hunijia wageni wakishaondoka. Basi naliandika.

Nakumbuka siku za ujana wangu, kwenye kibaraza cha Papa Ilunga, fundi umeme mstaafu wa reli. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na rafiki yangu Mwamba. Tuliunda vikokotoo visivyo na kitufe cha sawasawa. Unapiga namba mbili kwanza, halafu ndiyo alama ya kujumlisha, na jibu linatokea. Wanaovipenda ni wachache duniani. Mmoja wao, hatukumjua hata sura, aliweka mchoro wake kwenye ukurasa wao wa intaneti, achukue anayetaka, nasi tukauchukua. Dada yangu alipoona cha kwanza akauliza: "Sawasawa iko wapi? Muliikosa ku soko?"

Shida ilikuwa betri. Iliisha upesi hata kikokotoo kikiwa kimezimwa. Mwamba alihangaika nayo peke yake mpaka akapata dawa yake. Nikasema tuitume kwa wale wa mbali, wa ukurasa ule, jioni ileile.

"Hapana," Mwamba akasema. "Mukuba yetu banabeba na ma-camion ku barabara kila siku. Nani alishatuletea mchoro ya bintu banafanya nayo? Hii moja ibakie yetu."

Nimpe haki yake: mpaka leo naona neno lake la mukuba, shaba yetu, lilikuwa na uzito.

Papa Ilunga akaweka chini chuma chake cha kulehemu. "Mwamba, ya mukuba ni kweli. Lakini ule alituachia mchoro hakubeba mukuba yako. We ukifunga, utakuwa sawa na bale unalalamikia." Kisha akanigeukia. "Na we, haraka ya nini? Kazi ni ya Mwamba. Atatuma yeye mwenyewe, na jina yake juu. Akikatala, tunangoja."

Mwamba akaondoka bila kuaga. Niliogopa kikundi kimekufa. Alirudi baadaye, amenuna, akautuma mchoro wenye dawa ile kwa mkono wake, jina kwa herufi kubwa. Hakuna aliyejibu.

"Unaona?" aliniambia kila tulipokutana. "Unaona?"

Kisha umeme uliokuwa umekatika ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta yetu na michoro yote iliyokuwa ndani. Mwamba akakaa chini kama mtu wa kilio.

"Simama," Papa Ilunga akamwambia. "Tuende ku cyber."

Kwenye kompyuta za kukodi za pale cyber tuliukuta mchoro kwenye ukurasa wa wale wa mbali, jina la Mwamba juu. Chini yake mtu fulani alikuwa ameongeza namna ya kulegeza vitufe, maana vyetu vilikuwa vigumu kweli.

"Banatuiba tena!" Mwamba akapiga kelele, halafu akacheka mpaka mwenye cyber akatugeukia. Kesho yake tulianza upya.

Kwa hiyo, mwanangu, ninavyoona mimi, na naweza kukosea: yatoeni. Lakini aliyeyapata ndiye atoe, kwa mkono wake na kwa jina lake. Asipotaka leo, msimsukume na msimtenge. Kaeni naye kazini mpaka atake. Na mkikaa bila kujibiwa, msiiache kazi. Kimya cha watu si sababu ya kuacha.

Mungu ailinde mikono yenu na macho yenu, awape umeme usiounguza, na awaache pamoja.

Jioni hii tumekula bukari, ugali wetu, na matembele, na visamaki vya ndagala kidogo.